Jembe kwanza, kiti baadaye

Mhariri, mmeuliza wiki hii: je, baada ya maangamizi msanii anaweza kupata uzuri katika mabaki? Nitajibu upande. Fundi akiletewa gunia la bunduki, uzuri ndiyo habari ya mwisho. Kwanza aangalie kama chemba ina risasi. Kisha ajiulize chuma kile kitageuzwa nini, na nani atafaidi.

Nasema bunduki kwa sababu mfano uko hapo ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji ilipigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1977 hadi Oktoba 1992, mkataba uliposainiwa Roma. Silaha zikabaki, nyingi zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa Anglikana na Baraza la Kikristo la nchi hiyo wakaanzisha mpango wa kubadilishana: lete bunduki, ondoka na jembe, cherehani, baiskeli au mabati. Bunduki ziliharibiwa, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii wa kikundi cha Núcleo de Arte, Maputo.

Aliyetoa bunduki akarudi nyumbani na cherehani amemaliza mjadala, naona mimi. Huyo haihitaji sanaa.

Watu hupenda kutaja maneno ya Isaya, panga zifuliwe ziwe majembe. Bunduki haifuliki hivyo. Mwili wa AKM, aina mojawapo ya AK (Kalashnikov), ni bamba la milimita 1 lililokunjwa. Ukilipiga kwenye udongo wa kichanga tu linajipinda. Majembe yaliyotolewa yalikuwa ya kawaida, ya dukani. Kwa hiyo chuma cha bunduki kilibaki bila kazi, na hapo ndipo wasanii walipoingia.

Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, akaunganisha vipande hivyo vikawa kiti, ambacho mwaka uliofuata kilinunuliwa na British Museum. Wengi wamekiona pichani wakasema "kizuri" wakapita. Mtu wa kuchomelea hawezi kupita haraka hivyo, maana kila kiungo cha kazi ya namna hii kina ugomvi wake.

Bunduki ya vita hupakwa fosfeti isishike kutu, na ndani imejaa grisi ya miaka. Usipokwangua kwa grainda na brashi ya waya hadi chuma king'ae, sentimita 2 au 3 kila upande wa kiungo, weldi inatoka na matundu kama chapati ya maji. Mtutu wa AK umepakwa kromu kwa ndani. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo kazi ifanyike nje na kinywa kifunikwe kwa barakoa ya kweli, si kitambaa. Springi zitolewe zote kabla ya kukata. Iliyobanwa ikikatwa huruka, na haichagui jicho la nani.

Tatizo kubwa ni unene. Mtutu ni mnene na chuma chake ni kigumu, magazini, yaani kisanduku cha risasi, ni bati. Ukiweka fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 kwa ampea 80, mtutu unakubali lakini bati linatoboka. Fundi anaelekeza moto kwenye kile kinene, anaugusisha tu kwenye chembamba, na anachomelea vituta vifupi vifupi. Mtutu upashwe joto kwanza, kisha uachwe upoe wenyewe. Ukiumwagia maji unasikia mlio mdogo: huo ni ufa, na kiti hicho kitakatika mtu akikikalia. Miguu ishikizwe kwa nukta za weldi kwanza, upime kona kwa kona, halafu ndipo uchomelee kwa kupishanisha pande, la sivyo joto litaivuta na kiti kicheze.

Juu ya mgongo wa kiti kile kuna vitako viwili vya G3, bunduki ya jeshi la Wareno. Kitako ni mti au plastiki, hakichomeleki. Kinashikiliwa na chuma chake. Matundu ya skrubu na ya mkanda yanaonekana kama macho na mdomo. Ni nyuso mbili, moja kama inatabasamu. Kester hakuzichonga, zilitoka hivyo kiwandani. Fundi mwenye tamaa ya kupendeza angezipaka rangi au kuzisugua. Yeye aliziacha, na hapo ananilazimisha nilegeze kamba. Jembe lililotolewa lilikwenda shambani, limelika, limetupwa, na hakuna aliyeliona akajua lilibadilishwa na nini. Kiti bado kinamwonyesha mtazamaji triga ilikuwa wapi.

Basi jibu ni ndiyo, tena pengine kiti kilifanya kazi ambayo jembe halikuiweza. Lakini msinishike hapo. Kiti kiko London, mbali na waliosalimisha zile bunduki. Bendera ya Msumbiji tangu 1983 ina jembe na AK vimepishana, kwa hiyo bunduki ile kwao ni ukombozi pia, na sisi ambao FRELIMO, chama kilichoikomboa Msumbiji, kilizaliwa kwetu Dar es Salaam na kufanya mazoezi Kongwa na Nachingwea hatuwezi kujifanya hatujui. Na tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, mkoa wao wa kaskazini, inawaka tena kwa vita. Baadhi ya waliokimbia mji wa Palma walivuka hadi Mtwara.

Siku silaha za huko zitakapokusanywa, ushauri wangu kwa mafundi: zikatwe mbele ya waliozileta, cherehani zitolewe siku hiyohiyo, na vipande vya wasanii vichaguliwe mwisho. Wakitengeneza kitu, wapake nta tu, maana hewa ya bahari haisubiri. Wasipake rangi.