Mwanangu kamwita dada yake mtumba

*Shikamoo shangazi. Niko Tanga, nauza vitumbua. Nina binti wa miaka 23 na kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Baba yao alituacha mwaka 2014, sijui aliko na sitaki kujua, mbwa yule. Mwaka jana binti yangu alirudi nyumbani na mtoto mchanga, na tangu hapo kijana kabadilika. Kutwa yuko kwenye simu anasikiliza watu wa "kataa ndoa" na yule jamaa mwenye kipara na sigara kubwa, Tate. Juzi tunakula, akasema mbele ya dada yake kwamba singo maza ni mtumba, mwanaume mwenye akili haoi. Binti aliacha sahani akaingia chumbani. Mimi nilikosa la kusema, maana na mimi ndiye huyo huyo singo maza. Alfajiri yake akaamka kunipulizia mkaa kama kawaida. Nimnyang'anye simu, au nimpeleke kwa mjomba wake akamfunze adabu?*

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza habari ya simu, lakini mimi nimebaki kwenye huo mkaa. Kijana anayeamini kwa dhati kwamba mwanamke aliyelea peke yake ni mtumba haamki saa kumi na moja kumwashia jiko. Maneno yamempanda kichwani, mikononi hayajafika. Hapo ndipo pa kumshikia.

Simu mwachie. Ana miaka 19, ukimnyang'anya atatazama ya mwenzake kijiweni, na juu yake atasema wanawake wanaogopa ukweli. Tena sidhani kama alianza kwa kutafuta matusi. Wengi huanzia kwenye mazoezi ya kifua, namna ya kupata hela, mkeka wa kubeti wa Jumamosi. Programu zile hujali zaidi umeganda kwenye video muda gani kuliko unaamini nini. Akiganda kwa kijana anayelia kuachwa na mchumba, anasogezewa mwingine mwenye hasira zaidi, kisha mwingine. Haupiti muda anaona dunia nzima inasema neno moja.

Huyo Andrew Tate, anayewahubiria vijana uanaume mtandaoni, ni mfanyabiashara, uliza wenye kumjua. Alikuwa na "chuo" mtandaoni cha ada ya karibu dola 50 kwa mwezi, na wanachama walipata kamisheni kila walipomleta mtu. Basi wakawa wanakata vipande vya video zake, vile vinavyochoma zaidi, na kuvimwaga kila mahali ili wapate wateja. Agosti 2022 Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zilimfungia, lakini vipande vikaendelea kuzunguka. Desemba mwaka huo alikamatwa Romania, na mwaka uliofuata akafunguliwa mashtaka ya usafirishaji haramu wa binadamu na ubakaji, ambayo anayakana. Usianzie huko kwenye mashtaka. Kijana atakwambia anaonewa, jibu hilo ameshapewa tayari. Mwulize tu: hii video ikitazamwa, nani analipwa? Amekua akihesabu vitumbua kwenye beseni na chenji mkononi, hesabu hiyo haitamshinda.

Siku nyingine, mkiwa wawili na bila kumsuta, mwambie kwamba wazazi wa Tate waliachana, na mama yake akahamia na watoto Luton, Uingereza, akawalea kwa kazi ya kuhudumia chakula. Kwa lugha ya mwanao, huyo naye ni mtoto wa mtumba. Usiongeze neno. Endelea kuchoma vitumbua vyako.

Hawa wa kataa ndoa wa kwetu siwatupi wote kapu moja. Mahari, michango ya harusi, ajira hakuna; kijana ana haki ya kuogopa. Ninachowakatalia ni kumtia mtu hofu kwa uongo. Eti ukioa, mkiachana mnagawana nusu kwa nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie kila mmoja alichangia nini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Na Bi Hawa mwenyewe nyumba hakugawiwa, kwa sababu ilionekana mumewe alishampa fedha akazitumia hovyo. Mpe kijana aisome kesi hiyo, si amemaliza kidato cha sita?

Sasa nikuseme kidogo, nawe unisamehe. Kwenye barua yako umemwita baba yao mbwa. Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, katika mstari wa tatu. Nyumbani umelisema mara ngapi? Mwanao alikuwa mdogo baba alipoondoka, na anajitazama kwenye kioo kila asubuhi akiona sura ya huyo mbwa. Kisha anakuja mtu kwenye simu anamwambia uanaume si aibu. Ungekuwa wewe usingemsikiliza? Uchungu wako ni wa haki, ila mweleze kilichotokea kama mtu mzima: nini kilivunjika, nani alikosea wapi, na wewe mwenyewe ulikosea wapi.

Lakini upole huo usiufikishe kwenye sahani ya binti yako. Neno lile lisirudiwe chini ya paa lako, na umwambie leo hii, bila kungoja siku ya kuelewana. Aombe radhi kwa dada yake ana kwa ana. Binti naye ajue kwamba ulinyamaza kwa sababu lilikuchoma na wewe. Pengine anadhani ulikubali.

Mjomba, ndiyo, ila asimpige wala asimhutubie. Kama ana shughuli yoyote, hata ya kubeba mbao, amchukue hadi chuo kifunguliwe, amlipe kidogo. Kijana anayerudi jioni na elfu tano yake mfukoni, amechoka, muda wa kuganda kwenye simu unapungua. Na huyo mchanga apakatwe na mjomba wake wewe ukiwa jikoni. Usimwombe, mpe tu mtoto, geuka uchote unga.

Ukishazungumza naye habari za baba yake, niandikie alijibu nini.