Shosho wa Namba 0047

Juzi msomaji aliniuliza mbona faili lake la maandishi lina mistari 212 na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, inahesabu 211. Nilicheka, kisha moyo ukaniuma. Huo mstari uliopotea naujua.

Nilikuwa nashika data za maziwa kwenye chama kimoja cha ushirika upande wa Njoro. Kila asubuhi mizani ilitoa faili lake: namba ya mwanachama, tarehe, kilo. Vichwa vya safu hakuna, ni tarakimu na koma tu. Mimi na cheti changu nikawa nayaingiza SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, kwa amri ya `.import --csv`, kila siku jedwali jipya, mwisho wa mwezi najumlisha. Kazi ya siku mbili naimaliza kabla ya chai. Nilijisifu mpaka kantini.

Siku ya malipo akaja shosho mmoja na mtungi wake. "Kijana, kwani ng'ombe wangu alikauka bila mimi kujua?" Karatasi yake ilikuwa na kilo sifuri. Mwezi mzima.

Kumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mizani kila alfajiri. Na SQLite, kama jedwali bado halipo, huuchukua mstari wa kwanza ukawa majina ya safu. Nikafungua majedwali: juu kabisa, pale pa majina, 0047, tarehe, 6.5. Namba yake. Nilikuwa nimeiona kila siku na kuipita.

Mwenyekiti aliniambia mbele ya kamati kwamba kompyuta yangu inaiba. Karani wa kalamu huambiwa amekosea. Mimi niliitwa mwizi. Sijasahau.

Basi sikiza, ndugu yangu. Unda jedwali mwenyewe kwanza: `CREATE TABLE maziwa (mwanachama TEXT, tarehe TEXT, kilo REAL);`. Likishakuwepo, kila mstari unaingia kama data. Namba iwe TEXT, yaani maandishi, la sivyo 0047 inabaki 47. Ukitumia ACE ya Microsoft, kiendeshi cha kusomea faili kama hizi, weka `HDR=No`, safu zitaitwa F1, F2, F3. DuckDB, hifadhidata nyingine, iambie `header=false`; yenyewe huzipa safu majina kuanzia column0. Kisha hesabu mistari ya faili, piga `SELECT COUNT(*) FROM maziwa;`, zilingane. Hesabu! Vijana mnakimbilia grafu na hata kuhesabu hamjahesabu.

Shosho alilipwa mwezi uliofuata. Aliendelea kufika wa kwanza, ila kwenye mizani alikuwa akisimama kando, anamshika mkono wa nyuma yake: "Tangulia wewe."