Kwa nini mfupa wa kuchapishwa hautengenezwi kwa madini matupu

Umeuliza kwa nini mfupa unaochapishwa kwa printa ya 3D usitengenezwe kwa madini matupu, ilhali madini ndiyo yanayoupa mfupa ugumu wake. Haidroksiapatiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na ya mfupa, ikiwa peke yake huvunjika kama kigae, na daktari wa upasuaji hawezi kuikunja wala kuikata iendane na pengo la mfupa lililo mbele yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akiwemo Ramille Shah, walichanganya asilimia 90 ya madini hayo kwa uzito na asilimia 10 ya polima, yaani aina ya plastiki, inayomeng'enyuka polepole mwilini, wakapata kiunzi kinachobonyea na kurudi katika umbo lake. Kwa maoni yangu, lililo muhimu zaidi ni matundu yake madogo, kwa kuwa humo ndimo mishipa ya damu hupenya, na pasipo damu seli zilizo katikati hufa. Kilijaribiwa kwenye uti wa mgongo wa panya na fuvu la tumbili. Kwa mfupa unaobeba uzito mkubwa, kama wa paja, ulaini huo ni kikwazo, hivyo vyuma vya kuushikilia bado vinahitajika.