Bafu dogo la nyumba ya kupanga: namna ya kulipatia sura bila kubomoa

Mleta mada ameuliza afanyeje: bafu la mita 1.5 kwa 2, vigae vyeupe hadi usawa wa kifua, juu rangi nyeupe iliyofifia, halina dirisha, na mwenye nyumba karuhusu kupaka rangi lakini si kutoboa ukuta. Kuna waliomshauri anunue kioo kipya na vikapu. Mimi ningeanzia kwenye silikoni, yaani ule ukanda laini wa kuzibia ukingo wa sinki na ukuta. Ukitundika kioo kizuri juu ya sinki lenye ukingo mweusi wa ukungu, macho ya kila anayeingia yataishia kwenye huo weusi.

Madoa meusi ya silikoni mara nyingi yameota ndani yake, hayapo juu tu, ndiyo maana unasugua mpaka mkono unauma na hayatoki. Ikate. Pitisha kisu chenye wembe upande wa juu na upande wa chini, vuta ukanda wote, kisha kwangua mabaki kwa kikwangulio cha plastiki, maana cha chuma huchuna kigae. Futa kwa spiriti na uache pakauke usiku mzima. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: silikoni mpya haishiki penye unyevu wala juu ya silikoni ya zamani, hata ikibaki utando mwembamba tu.

Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili ukiacha nafasi ya milimita 6, sukuma silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu kwa mwendo mmoja bila kusitasita, ilainishe kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na uvute tepu papo hapo. Ukichelewa itaanza kufanya ngozi juu, na tepu itaondoka na ukingo wote. Usiilowanishe kwa saa 24. Tyubu ya mililita 300 inatoa takriban mita 10 za ukanda huo, kwa hiyo moja inakutosha. Kwa wenye beseni la kuogea, lijazeni maji kabla ya kuziba na myaache mpaka silikoni ikauke. Uzito wa maji hulishusha beseni kidogo. Ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga ufa unafunguka.

Mistari ya katikati ya vigae isugue kwa brashi ngumu na magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji kidogo. Siki huila polepole grauti ya saruji, yaani kijazo cha mistari hiyo, iepuke. Na tafadhali sana, siki au dawa ya choo yenye asidi isikutane na dawa yenye klorini: mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu lisilo na dirisha ni mahali pabaya mno pa kuivuta. Kalamu za kupakia grauti zinafanya kazi nzuri zikipakwa penye usafi na ukavu. Grauti ya kijivu iliyokolea kwenye vigae vyeupe inapendeza mno, lakini rangi hunywewa na grauti na kuirudisha nyeupe ni taabu. Kwa mpangaji, bakia kwenye nyeupe.

Sasa sura yenyewe. Kwa bafu la ukubwa huu nachagua rangi moja iliyokolea, kijani cha chupa, bluu ya usiku au udongo mwekundu, na ninaipaka juu ya vigae hadi dari yote. Dari nyeupe ikikutana na ukuta wa rangi, mstari wa makutano unaonyesha chumba kinaishia wapi; rangi ikipanda moja kwa moja, mipaka inapotea. Ukuta ulio juu ya vigae pamoja na dari ni kama mita 10 za mraba. Lita moja hufunika takriban mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 2 kwa mikono miwili. Chukua rangi ya maji ya bafuni yenye mng'ao kiasi. Osha ukuta kwanza, kwani utando wa sabuni na mafuta ya mwili ndio unaofanya rangi ibanduke vipande vipande, kisha piga msasa kama rangi ya zamani ni ya mafuta.

Halafu usioge humo kwa siku moja, zikiwa mbili ni bora. Mvuke ukiiwahi rangi mbichi, utaona michirizi ya kahawia inayonatanata ikishuka ukutani. Wengi hudhani ni kutu au rangi mbovu. Ni viungo vya rangi vinavyoyeyuka vimesukumwa juu na unyevu. Vifute kwa maji ya uvuguvugu, vikirudi futa tena, vitaisha.

Taa ndiyo ya pili kwa umuhimu. Balbu ya Kelvini 6500, yaani ya mwanga mweupe unaoelekea bluu, huifanya ngozi ionekane ya mgonjwa na kuua rangi uliyoipaka. Weka ya 2700 hadi 3000, yenye mwanga wa manjano. Kama taa iko karibu na maji, iwe na kiwango cha IP44 (kinga dhidi ya maji yanayorukia) au zaidi.

Pazia litundike karibu na dari. La kawaida lina urefu wa sentimita 180, hivyo tafuta refu, liishie sentimita 3 juu ya sakafu. Fimbo ya kukaza kwa springi huteleza kwa sababu ya sabuni iliyoganda kwenye kigae; futa kwa spiriti kabla ya kuikaza.

Kulabu za gundi vilevile: spiriti, bonyeza kwa nguvu, subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla ya kutundika taulo. Zibandike kwenye kigae, si kwenye rangi mpya, la sivyo zitaondoka nayo.

Stika za vigae ziweke mbali na maji ya bomba la kuogea, na kila moja ikatwe iishie ndani ya kigae chake. Ikivuka grauti, maji hupenya kwenye huo mfereji, na ukungu huota nyuma yake usipouona.

Mimea iache, bila dirisha itakufa.