Nodi ya Lightning: mipangilio ya kubadilisha kabla hujafungua chaneli

Ukishaunganisha lnd (programu ya kuendesha nodi ya Lightning, mtandao wa malipo ya haraka juu ya Bitcoin) na bitcoind (programu ya nodi ya Bitcoin yenyewe), lnd inawaka bila kudai mengi. Faili la mipangilio, lnd.conf, linaweza kuwa na mistari sita tu na nodi ikafanya kazi, kwa sababu kila usichokiandika programu inakijazia thamani yake ya chaguo-msingi. Tatizo ni kwamba thamani hizo zinafaa mashine isiyozimika, yenye intaneti isiyokatika, na mwenye nodi asiyejali kurudisha gharama zake. Wengi wetu hatuko hivyo. Namba za hapa chini ni za lnd. Zilinganishe na toleo lako kwa kuandika `lnd --help`, maana baadhi yake zimewahi kubadilishwa.

Tuanze na ada, kwa sababu hapo ndipo hela inapopotea kimyakimya.

Chaguo-msingi ni `bitcoin.basefee=1000` na `bitcoin.feerate=1`. Ya kwanza ni milisatoshi, yaani satoshi 1 (sehemu moja ya milioni 100 ya bitcoin) kwa kila malipo yanayopita kwako. Ya pili ni sehemu 1 kwa milioni ya kiasi kinachopita. Chukua chaneli (salio mnalofungiana wewe na nodi jirani ili malipo yapite kati yenu) ya satoshi 2,000,000. Ikitoka yote kwenda upande wa pili kwa malipo 20 ya satoshi 100,000, unapata satoshi 20 za ada ya msingi na satoshi 2 za asilimia. Jumla 22. Muamala wa kufungua chaneli hiyo, wenye ukubwa wa vbyte (kipimo cha ukubwa wa miamala ya Bitcoin) kama 150, kwa ada ya satoshi 10 kwa vbyte umekugharimu 1,500. Itabidi chaneli itoke yote zaidi ya mara 68 ndipo urudishe gharama ya kufungua tu, kabla hujagusa ya kufunga.

Na si hasara ya ada peke yake. Chaneli ya bei hiyo inakauka. Wenye nodi nyingine wanapitisha kwako malipo ya kusawazisha chaneli zao, wanachukua satoshi zako kwa bei ya bure, kisha wanaziuza kwao kwa bei ya juu. Baada ya siku chache salio lote liko upande wa pili, na kila malipo yanayojaribu kupita yanashindwa.

Kwa nodi mpya, sehemu 200 hadi 300 kwa milioni ni pa kuanzia pazuri. Ada ya msingi tunashauri iwe 0, kwa sababu satoshi 1 juu ya malipo ya satoshi 100 ni asilimia 1 nzima, na malipo madogo yatakukwepa.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: mtu anabadilisha lnd.conf, anawasha upya, anasubiri, na hakuna kinachobadilika. Mistari ile ya ada inahusu chaneli zitakazofunguliwa baadaye tu. Zilizopo unazibadilisha kwa amri:

`lncli updatechanpolicy --base_fee_msat 0 --fee_rate_ppm 250 --time_lock_delta 80`

Usipotaja `--chan_point`, inagusa chaneli zote. Angalia pia usichanganye `--fee_rate_ppm` na `--fee_rate`. Hiyo ya pili inataka desimali, mfano 0.00025. Ukiiandikia 250 umeweka ada kubwa mara 250 kuliko malipo yenyewe, na hakuna atakayepita. Maliza kwa `lncli feereport` uone kilichoshika kweli.

Sasa muda. `bitcoin.timelockdelta` ni bloku 80 (bloku moja ya Bitcoin huchukua kama dakika 10), takriban saa 13 na dakika 20. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo kati ya mwisho wa muda wa malipo yanayotoka kwako na mwisho wa yale yanayoingia. Fikiria malipo yamekwama katikati na umeme umekatika kwako. Jirani unayemlipa anafunga chaneli kwa nguvu na kuchukua chake kwenye mnyororo (daftari la wazi la Bitcoin) kwa kutoa siri ya malipo. Nodi yako ingekuwa macho ingeisoma siri hiyo na kudai kutoka kwa aliyekutumia. Ikilala mpaka muda upite, aliyekutumia anarudishiwa yake, nawe umelipa mfukoni. Core Lightning, programu nyingine ya nodi, inatumia 34 kwa chaguo-msingi, chini ya saa sita. Mahali ambapo umeme hukatika usiku kucha, panda hadi 144. Usizidishe sana, kwa sababu lnd ya mlipaji haikubali njia yenye jumla inayozidi bloku 2016, na subira ndefu inazifanya nodi nyingine zikuruke.

Kuna muda mwingine ambao watu huuchanganya na huo: ule ambao jirani anayefunga kwa nguvu anasubiri kabla ya kugusa pesa zake. lnd inaupima kwa ukubwa wa chaneli, kuanzia bloku 144 hadi 2016. Kwa chaneli yetu ya satoshi 2,000,000 ni kama bloku 240, saa 40 hivi. Ndani ya saa hizo ndipo unaweza kumwadhibu aliyetangaza hali ya zamani ya chaneli, yaani mgao wa salio uliokwisha kupitwa. Nodi yako ikiwa imezimwa siku tatu, amepita.

Kinga yake ni mnara wa ulinzi (watchtower), kompyuta nyingine inayoangalia mnyororo kwa niaba yako, na kwa chaguo-msingi umezimwa. Andika `wtclient.active=true` chini ya `[wtclient]`, washa upya, kisha:

`lncli wtclient add ufunguo@anwani:9911`

Mstari wa kwanza bila amri ya pili haulindi chochote, ingawa nodi haitakulalamikia. Hakikisha kwa `lncli wtclient towers`, na uongeze minara miwili, si mmoja.

Intaneti ya simu nayo ina lake. Mara nyingi anwani ya IP unagawana na wateja wengine wa mtandao huohuo, hivyo hakuna anayeweza kukufikia kwenye poti 9735. Tumia Tor, mtandao unaowezesha kufikiwa bila anwani ya IP ya wazi: `tor.active=true` na `tor.v3=true`. Kwenye torrc, faili la mipangilio ya Tor, weka `ControlPort 9051` na `CookieAuthentication 1`. lnd ikikataa kuwaka hapo, karibu kila mara ni ruhusa: mtumiaji anayeiendesha hayumo kwenye kundi la `debian-tor`, kwa hiyo hawezi kusoma faili la kuki.

`minchansize`, ukubwa wa chini wa chaneli unayokubali, ni satoshi 20,000. Ipandishe hadi 500,000 angalau. Chaneli ndogo ikifungwa wakati ada za mnyororo ziko juu, kukusanya fungu lako kunaweza kula karibu lote. Acha pia akiba kwenye pochi ya mnyororo: lnd inashikilia satoshi 10,000 kwa kila chaneli ya aina ya anka (anchor, ambayo ada yake ya kufunga huweza kuongezwa baadaye), hadi 100,000. Ndiyo maana wakati mwingine inakataa kutuma salio unaloliona.

Faili la `channel.backup`, nakala ya kudaia pesa za chaneli nodi ikiharibika, linakaa kwenye diski ileile ya nodi. Diski ikifa, limekufa nalo. Linakili mahali pengine kila linapobadilika. Limesimbwa, hivyo hata hifadhi ya mtandaoni inafaa. `channel.db`, hifadhidata ya chaneli zako, usiinakili kamwe kama nakala rudufu: ukiirudisha ikiwa ya jana, utatangaza hali ya zamani bila kukusudia na jirani atachukua salio lote la chaneli.

Mwisho, cheti cha TLS, kinacholinda mawasiliano kati ya nodi na programu zako, huisha baada ya miezi 14 hivi. Siku hiyo programu ya simu inagoma kuunganika huku nodi ikiwa nzima. Izime, ondoa `tls.cert` na `tls.key`, iwashe, kisha ipe programu yako cheti kipya.