Makohozi yapimwe usugu kabla ya kidonge cha kwanza

Mwaka juzi nilimuuguza mdogo wangu TB. Vimelea vilionekana kwa hadubini, akaanzishiwa dawa siku ileile, nami nikashukuru. Kila asubuhi nilisimama mbele yake mpaka ameze. Hakuruka hata siku moja. Miezi miwili ikapita, shuka bado zinalowa jasho usiku, suruali zinamvuka kiunoni, na makohozi bado yana vimelea. Jamaa wakaanza kunong'ona kwamba anatupa dawa. Iliniuma sana, maana nilimwona akimeza kwa macho yangu.

Hadubini inakuonyesha kimelea kipo. Haikuambii kama kinasikia dawa. Na mtu akiambukizwa na mgonjwa wa TB sugu, yaani isiyosikia dawa, anaanza kuumwa na usugu wake tayari, hata kama maishani hajawahi kugusa dawa za TB. Hilo hatukuambiwa, nasi hatukuuliza.

Kilichotufumbua macho ni mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010. Inasoma vinasaba vya kimelea, na kwa muda usiofika saa mbili inasema mambo mawili: kama TB ipo, na kama imekuwa sugu kwa rifampisini, dawa ambayo matibabu ya kawaida yanaitegemea mno. Ya mdogo wangu ilikuwa sugu. Kwa hiyo ukiambiwa una TB, uliza palepale: "Makohozi yangu yamepimwa usugu?" Kama kituo hakina mashine, omba sampuli ichukuliwe kabla hujaanza dawa ipelekwe penye mashine. Hapa Tanzania, hospitali za serikali hazitozi kipimo cha TB wala dawa zake.

Sasa kikopo cha makohozi. Mara ya kwanza mdogo wangu alipeleka mate. Mama wa maabara alikiinua dirishani, akakiinamisha, maji yenye povu yakakimbilia upande mmoja. "Haya ni mate, mwanangu. Nataka yale mazito ya kifuani." Kesho yake aliamka alfajiri, akasukutua kwa maji matupu kabla ya kula chochote, akatoka uani penye upepo, akavuta pumzi ndefu mara kadhaa ndipo akakohoa kwa nguvu. Yakatoka mazito, ya manjano. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo. Mfuniko unaweza kuhamia kikopo cha mwenzako.

Jibu likija, lisome lote. Wakati mwingine TB inaonekana lakini habari ya rifampisini haikueleweka. Hilo si jibu la "hakuna usugu". Toa makohozi mengine.

Tena, kipimo hicho cha kawaida hakigusi isoniazidi wala dawa nyinginezo. Penye usugu, sampuli huendelea mbele, hata hadi Maabara Kuu ya TB iliyoko Muhimbili, vimelea vioteshwe na kujaribiwa dhidi ya dawa mojamoja. Kimelea cha TB hukua polepole mno, kwa hiyo majibu huchukua wiki kadhaa. Matibabu ya TB sugu hayasubiri hapo, lakini andika tarehe na namba ya sampuli kwenye daftari lako na uulizie kila unapoenda kliniki. Sisi tulifanya hivyo, na ndivyo ilivyogundulika kuwa majibu yetu yalikuwa yamekaa kwenye jalada la mtu mwingine.

Ukiwa katikati ya dozi usidai GeneXpert ili ujue umepona. Inaokota hata vinasaba vya vimelea vilivyokwisha kufa, itakutia hofu bure. Hapo hadubini na kuotesha ndivyo vinavyofaa.

Nyumbani tulipimwa wote. Mtoto wa dada alipoanza kukohoa miezi michache baadaye, neno la kwanza nililomwambia daktari ni kwamba mjomba wake, anayelala naye chumba kimoja, alikuwa na TB isiyosikia rifampisini.