Ndago shambani: mbona ukilima ndiyo inazidi

Umesema vitunguu vyako huko Kasarani vilipaliliwa vizuri, na siku kumi baadaye vimefunikwa na majani membamba yanayong'aa, sasa unatafuta kibarua mwingine. Usimtafute. Huyo wa kwanza hana kosa, na wa pili atakuongezea shida kwa pesa yako mwenyewe. Hiyo inasikika kama gugu la ndago, na mimi nimeishi nayo Ruai miaka mitatu.

Kwanza hakikisha, maana wengi huichanganya na sangari. Chukua shina lenye ua, ulisokote kati ya vidole. Sangari ni nyasi, shina lake ni la mviringo na lina vifundo. Ndago si nyasi hata kidogo. Shina lake lina pembe tatu, halina kifundo, na kingo zake utazihisi. Halafu chimbua kwa kisu, usivute. Ukivuta, jani litakatikia mkononi nawe utadhani umeshinda. Chini utakuta kijiazi cheusi kama punje ya njugu, kimeungwa na kingine kwa uzi mgumu kama waya, na kingine tena, mfano wa shanga. Hiyo ya shanga, yenye ua la hudhurungi linaloelekea wekundu, ndiyo ndago yenyewe, kwa jina la kisayansi Cyperus rotundus. Mwaka 1977 wataalamu wa magugu waliiweka ya kwanza kati ya magugu mabaya zaidi duniani, na mimi sina ubishi nao. Ina dada yake mwenye ua la manjano, ambaye vijiazi vyake hukaa kimoja kimoja mwisho wa uzi, na ukitafuna si vichungu.

Kwangu iliingia na lori. Huku udongo wetu ni ule mweusi wa kupasuka, basi baada ya mjengo nikanunua udongo mwekundu wa bustani. Ulikuwa mzuri kwa macho, nikamlipa dereva na soda juu. Mvua za Machi zilipoanguka, ndago ikachipuka mahali pote pale udongo ulipomwagwa, na si hatua moja zaidi. Nikaita vijana wawili na majembe. Wiki mbili baadaye ilikuwa nene kuliko mwanzo. Shosho wa ploti ya pili alisimama kwenye ua akanitazama, akasema, "Kijana wangu, wewe hupalilii, unapanda."

Alikuwa sahihi kabisa. Katika ule mnyororo, kijiazi cha mbele ndicho kinachochipua, na kinawazuia wenzake wasiamke. Jembe likikata mnyororo vipande vitano, umewaondolea mkubwa wao, kila mmoja anachipua kivyake. Vingi vimo katika sentimita 15 za juu, mahali hasa jembe linapofika.

Nikaenda kwa muuza dawa. Akaniuzia dawa ya magugu ya majani mapana, ile ya kunyunyizia loni. Baada ya wiki mikunde yote ilikuwa imekauka na ndago imependeza, haina tena mshindani. Nikatandika karatasi nyeusi ya nailoni. Ncha ya ndago ni kali kama sindano, ikaitoboa.

Kilichonisaidia ni kuacha kupigana na kijiazi na kuanza kukinyima chakula. Kijiazi kinaishi kwa akiba, na akiba inatoka kwenye majani. Mmea ukifikisha majani matano au sita huanza kutengeneza vijiazi vipya, kwa hiyo lazima uukate kabla ya hapo. Mimi hupita kila baada ya wiki mbili, sikosi, hata kama yaliyochipuka ni machache. Ukiruka mwezi mmoja umerudi mwanzo. Hapa ndipo wengi wetu hushindwa, kwa sababu shamba linaonekana safi na mtu anaenda zake ushago.

Jambo la pili ni kivuli. Ndago haikipendi. Na wewe umepanda kitunguu, ambacho majani yake hayafuniki hata siafu! Hama na kitunguu kwa misimu miwili, pale weka viazi vitamu au njahi, kitu kinachotambaa na kufunga ardhi. Palilia kwa makini wiki za mwanzo mpaka majani yagusane. Chini ya njahi yangu ndago ilitoka nyembamba na ya rangi ya manjano, ikielekea kukata tamaa.

Jua la Januari na Februari nalo litumie. Mvua za vuli zikiisha, kabla udongo haujawa jiwe, inua mabonge kwa jembe la meno, siyo la bapa, uyaache wazi, uyageuze baada ya siku chache. Kijiazi kikikauka kweli kinakufa. Ila mvua ikikunyeshea katikati ya kazi hiyo, utakuwa umeisambaza, kwa hiyo angalia anga.

Dawa yenye glaifoseti inafanya kazi, nami naitumia kwenye njia na kando ya uzio tu, kwa sababu inaua na mboga pia. Nyunyiza majani yakiwa mabichi na mengi, kabla ndago haijatoa ua, siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua, ukiwa na glavu na kinga ya uso. Usinyunyize baada tu ya kufyeka, kwani haina pa kuingilia. Kisha usiguse udongo kwa wiki mbili, ishuke mpaka kwenye vijiazi. Vile vilivyolala haitavifikia, utarudia.

Ulichong'oa usitupe kwenye lundo la samadi. Mimi hukianika juu ya mabati mpaka kikatike kikikunjwa, kisha nachoma.

Leo nyuma ya nyumba nina sukuma na dania. Pale kwenye tangi, bomba linapovuja, bado nang'oa mashina sita saba kila Jumamosi ya pili.